Rahisi Mara Mbili

Usinianzie na ile kubwa, Kaarel.
Najua inang'aa. Hata friji langu liling'aa likiwa dukani.
Nimekuja Tartu kwa basi la alfajiri
na bahasha ya pesa za vitunguu:
euro mia na tisini, na sarafu kando za kunirudisha Kolkja.

Nilisema nataka mashine rahisi ya kuonea samaki.
Ukaniuliza, rahisi kwa bei au rahisi kutumia?
Mwanangu, neno ni moja.
Lipime pande zote mbili, kisha unihudumie.

Mashua yangu ni ya bati, mita nne,
injini nguvu za farasi watano, mmoja wao mgonjwa.
Sina pa kufunga kioo kipana kama dirisha la kanisa.
Hiyo inayochungulia kulia na kushoto,
inayochora ramani na kuongea na simu,
mpe mwenye cha kuiambia.
Simu yangu mimi hulala saa mbili.
Na hiyo ya kupima mita mia saba
kamuuzie mwenye bahari.
Peipsi ni sinia: mita saba, nane,
ukibahatika, kumi.

Nikatoa glavu zangu za mpira mkobani,
nikazivaa pale pale, wateja wakinitazama.
Nikaigusa ile kubwa: kimya.
Nikaigusa tena: kimya, kama ofisi ya serikali.
Kwenye ile ndogo, vitufe vinne
vilivyonona kama maharage yaliyolowekwa.
Bonyeza, ikaitika.
Nikaitoa nje, nikaielekeza juani,
na bado niliona tarakimu bila miwani.

Toleo la mwaka juzi, ukasema, boksi limechanika.
Boksi silitupi majini, nikasema.
Na kile kidude cha kuzamisha, kimo?
Kimo.
Na betri?
Ukatazama viatu vyako.

Mia na sitini na tano.
Betri nitang'oa kwenye pikipiki ya kaka yangu.

Hili la kaka sikukwambia.
Zinovi haendeshi tena. Tangu Januari,
damu ilipomwagika kichwani,
maneno yote yalihama, likabaki moja: ndiyo.
Chai? Ndiyo. Unaumwa? Ndiyo. Nikuache? Ndiyo.
Na ziwa lote lilikuwa kichwani mwake:
mnara juu ya paa la Feklist,
bomba la moshi likigusa mwaloni,
hapo zima injini, hesabu hadi arobaini.
Hakuwahi kuandika. Nami sikuwahi kuuliza,
nilikuwa na vitunguu.

Jumatatu nikamkalisha mbele, blanketi magotini.
Mashine ikachora visamaki, vinono, vingi,
kama kwenye kitabu cha mtoto.
Nikatupa wavu. Nikavuta.
Majani. Majani na kopo.
Zinovi akacheka kwa nusu ya mdomo,
nusu iliyobaki.

Nikatafuta kitufe cha kufuta hivyo vikatuni.
Kioo kikabaki na mstari mtupu wa sakafu ya ziwa.
Ndipo alipoinua mkono mzima,
akaonyesha kushoto, mbali,
mahali ambapo mimi niliona maji tu.
Tukaenda polepole.
Sita. Sita na nusu. Sita na nusu.
Halafu mstari ukaanguka: nane na robo,
na juu yake upinde mwembamba
kama ukucha uliokatwa.

Ndiyo, akasema Zinovi.

Sudaki wawili. Si utajiri.
Lakini kitufe cha nne, ulinionyesha mwenyewe,
huweka alama pale mashua ilipo.
Nikakibonyeza, na glavu yangu.
Tangu hapo, kila Jumatatu,
yeye huonyesha, mimi hubonyeza.
Tuna kumi na saba.

Kijitabu mlichoweka ndani ni cha Kifini,
ndiyo maana nakupigia kabla hujafunga duka.
Sitaki kurudisha kitu, usiogope.
Niambie tu, Kaarel:
waya ukichomoka ghafla, umeme ukikatika,
alama hubaki?