Mfu wa Mstari wa Tatu

Damu tuliipika kwa zabibu za Hombolo,
zile zilizopasuka, kiwanda kikazikataa,
tukazikoroga na unga wa muhogo hadi zikashika.
Nzi waliipenda. Nyuki nao.
Saa nne asubuhi wafu arobaini wamejipanga
nyuma ya ghala la mtama, nje ya Kibaigwa,
kila mfu na namba yake,
kila mfu akiuliza chai inakuja lini.

Mimi ndiye niliyekuwa nawaua.
Sifongo, majivu, udongo mwekundu
(huo bure, Dodoma haina uchoyo wa vumbi).
Niliwazamisha macho, niliwapasua midomo,
nikiwaonya: usicheke, gundi itaachia.

Namba ishirini na tisa alipoketi
nilikijua kisogo kabla ya uso.
Malogo Chidawali. Baba yangu,
aliyeswaga ng'ombe wetu watatu mwaka wa njaa
kwenda mnada wa Msalato,
akasema atarudi Jumatatu.
Hakusema Jumatatu ipi.

"Shikamoo," nikasema. Ulimi una adabu zake
hata moyo ukigoma.
"Marahaba," akajibu, kama anavyomjibu binti yeyote.
Kovu la shavuni lilikuwa lake mwenyewe.
Mwongozaji akapita, akasema: hilo safi, liongeze.
Nililiongeza.

Hadithi yenyewe ni hii:
ugonjwa umekula nchi toka Gairo hadi Manyoni,
walio hai wamejifungia ghalani,
bwana mmoja anawapimia mtama kwa kikombe cha kahawa,
anayenung'unika anatolewa nje usiku.
Ndahani akaasi. Akavunja kufuli.
Watu walishiba siku moja,
na kwa mlango uleule wafu wakaingia.
Sehemu kumi nzima anaitwa msaliti.
Siku ile tulikuwa tunapiga ya kumi na moja:
Ndahani anarudi, anaegemeza mgongo mlangoni
mpaka watoto wapande darini,
analiwa.
Hiyo ndiyo toba yake, ukurasa wa thelathini na nne.

Baba alikuwa mstari wa tatu.
Kunyoosha mkono, kukoroma, kuanguka. Elfu kumi na tano.

Akaja akiburuta mguu, vizuri tu, mpaka mlangoni.
Wenzake wanararua shati la Ndahani;
yeye akageuka,
akaweka mgongo wake ubavuni mwa mgongo ule,
akazika visigino chini
kama mtu aliye zizini, fisi wako nje.

"Kata! Mzee, wewe umekufa!
Wafu hawazuii milango!"

Tukarudia. Akafanya vilevile.
Mara ya nne mwongozaji akaibwaga kofia yake vumbini:
mzee, kwani unatakaje?
Baba hakumtazama. Alitazama meza yangu ya rangi.
"Niliwahi kuuacha mlango," akasema.
"Miguu haitaki tena."

Watu wakacheka, kicheko cha njaa ya mchana.
Wakamlipa nusu.

Ilipoonyeshwa, miezi baadaye, nilimtafuta.
Wamemkata. Kimebaki kiwiko,
chini kushoto, hata sekunde haitimii,
kiwiko cha mfu kinachosukuma upande usio wake.

Lakini jioni ile nilimnawisha
kwa maji ya vuguvugu na mafuta ya alizeti.
Majivu yakatoka, zabibu zikatoka,
kovu langu likatoka, lake likabaki.
Alikuwa amefumba macho.
"Wewe ni wa Mbeleje," akasema.
"Wa Mbeleje," nikasema.

Sikutamka msamaha. Sikuwa nao mfukoni.
Nilimwonyesha tu gari la Mpwapwa linaposimama,
nikamwambia mama siku hizi hulala mapema,
na mlango sasa ni wa bati,
agonge kwa nguvu.