Uji Usio na Donge

Mara ya kwanza walinipa mililita hamsini.
Nikamwambia Sista Ottilia: huyu ni mchukuzi,
magunia ya korosho ya kilo themanini
yalimpanda begani tangu misimu ambayo sisi wawili hatujajuana.
Hamsini si atazimaliza kwa kulamba?
Akasema, mama, tumbo lililolala siku tatu
haliamshwi kwa kelele. Hubishiwa hodi.

Basi tukapiga hodi.
Hamsini. Saa tatu zikapita. Hamsini.
Kabla ya kumimina, huvuta kwanza kwa bomba la sindano
aone kilichobaki ndani.
Kikirudi kingi, tumbo limekataa.
Kisiporudi kitu, limekubali.
Ndivyo tunavyozungumza siku hizi, Ausi Chitanda na mimi,
mume ambaye zamani alikuwa haishi maneno.

Miaka ishirini na sita, kila asubuhi, Chikongola:
"Somoe, uji wako una donge."
Angelitafuta hata kama halipo,
angelichota na kulinyanyua mbele ya watoto
kama kielelezo mahakamani.
Leo nasaga mtama, karanga, na korosho zilizopasuka,
nachuja kwa kitambaa, narudia kwa chujio la chai,
maana donge moja likiziba mrija
utatolewa, uingizwe mwingine puani,
na macho yake yaliyofumba yatatiririka machozi
ambayo sista anasema si ya kilio.
Sijui. Niliyeolewa naye ni mimi.
Akiamka nitamwachia donge moja, makusudi, alipate.

Mfungo wa kumi na nne, saa saba mchana,
koo langu kavu kama kamba ya katani,
nimesimama, mkono juu, nimeshika bomba.
Uji hausukumwi. Unashuka kwa uzito wake wenyewe,
na kichwa chake kimeinuliwa usije ukapanda.
Mimi nafunga, yeye anakula,
na hakuna kati yetu anayeonja.

Mama yake ameshuka kutoka Kitangari
na ming'oko ya kuchemsha, ina vuguvugu bado ndani ya jani la mgomba.
Mwanangu hashibi kwa pua, akasema,
pua ni ya harufu.
Akatoa kijiko cha bati, kile kile
kilichomlea mpaka meno yakaota.
Tone moja tu la mchuzi, ulimini.
Sista akamshika kiganja, si kwa nguvu:
bibi, njia ya chakula na njia ya pumzi zina mlango mmoja,
na bawabu amelala. Tone hilo litaingia mapafuni.
Bibi akakaa. Akakifunga kijiko pindoni mwa kanga.
Kwetu, akasema, bawabu akilala huamshwa.

Magharibi nilifuturu kwa ile ming'oko,
kwenye sakafu ya ukumbi, kati ya ndoo na mikeka ya wenye wagonjwa.
Nilitafuna polepole.
Sikujua kabla ya hapo kwamba kutafuna kuna sauti.

Juzi mia. Jana mia na hamsini.
Leo mia mbili, na kilichorudi ni povu tu.
Nikampigia shemeji Tandahimba: amekula.
Akauliza, amesema?
Nikamwambia, nimekwambia amekula.
Salio likakatika hapo hapo.

Mwisho wa kila mlo hupitishwa maji,
kuosha mrija, uji usigande njiani.
Usiku huu, yalipokuwa yakishuka,
kidaka tonge chake kilipanda,
kikashuka.
Mara moja.
Nilimtazama sista. Alitazama saa ya ukutani,
akaandika kitu kwenye karatasi ya kitanda,
hakusema.
Nyuma yangu nikasikia mkono wa bibi
ukipapasa pindo la kanga.