Asubuhi Linapanda

Nyasi zetu hapa Ntyuka ni wageni wa miezi minne.
Januari zinabisha hodi, Mei zimeshaaga,
na katikati yake chuo kizima kinanidai:
Chedego, uwanja wa mahafali! Chedego, mteremko wa bweni!
Ndiyo maana walininunulia trekta dogo la kukalia,
jekundu, mtumba, lenye stika ya lugha nisiyoisoma.

Bondeni linanyoa kama kinyozi wa Majengo.
Lielekeze mlimani, upande wa tangi la maji:
injini inanguruma vilevile, visu vinazunguka vilevile,
ila magurudumu yanaanza kufikiri.
Linatambaa. Linasita. Linasimama,
na pedali nimeikanyaga hadi kwenye bati.
Kisha, taratibu, linarudi nyuma na mimi juu yake
kama mkwe aliyefungua mlango usiomhusu.

Mataya wa stoo alisema ni petroli, ya kupimwa kwa chupa.
Tukabadilisha.
Mhasibu akasema ni uzito wangu.
Sikumjibu. Nilimkalisha yeye, mwembamba kama risiti zake,
akakwama palepale, kwenye mchongoma wa tatu.
Mkanda nao tukaagiza Dar, ukaja na basi la usiku,
elfu tisini, na elfu tano ya kondakta.
Siku mbili tukashangilia.
Ya tatu, saa sita, mchongoma wa tatu.

Ndipo akaja Sechelela, binti wa fundi baiskeli wa Ipagala.
Spana aliziacha kwenye mfuko. Alianza na swali.
"Linagoma saa ngapi?"
Nikasema, mlimani.
"Sijauliza wapi. Nimeuliza saa ngapi."

Nikanyamaza. Nikahesabu.
Saa moja asubuhi linapanda hadi tangini bila neno.
Saa tatu linahema.
Saa sita halivuki hata tuta la barabarani.
Miezi miwili nimeulaumu mlima,
na mlima ulikuwa palepale, asubuhi na mchana.

Akalala chali juu ya turubai.
Akagusa liva ya nyuma, ile ya kuachia gia tulisukume likizima:
imerudi yote. Sawa.
Akavuta springi ya puli: bado ina hasira. Sawa.
Pini ya ekseli: haijakatika. Sawa.
Kila "sawa" ilinizidishia jasho,
maana ubovu ulikuwa unakosa pa kukaa.
Kisha akapenyeza vidole juu ya giaboksi
akatoa nyasi kavu, vumbi jekundu, kiota kizima kisicho na ndege,
na chini ya kiota, feni ndogo ya plastiki
iliyobakiwa na mapanga mawili kati ya saba.

"Oili yako inapikwa," alisema.
"Ikiwa baridi ni nzito, inasukuma. Ikichemka inakuwa chai,
na chai haimpandishi mtu mlimani."
Akafungua bolti. Ikatiririka kwenye beseni
nyeusi, nyepesi, ikinuka sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Feni ya namna ile haikupatikana Dodoma nzima.
Sechelela alichonga nyingine kwenye ndoo ya rangi,
nyeupe, na herufi mbili za jina la kiwanda zikabaki mgongoni.
Akamimina oili mpya, akainua matairi ya nyuma kwa jeki,
akaniambia nikanyage: mbele, nyuma, mbele, nyuma,
hewa itoke,
kama mtoto anayebebwa begani ili acheue.
Likacheua. Nililisikia.

Alidai elfu arobaini. Mhasibu akamwomba risiti.
Akaiandika nyuma ya boksi la mkanda tuliounulia bure.

Nililipandisha Jumatano, saa saba mchana,
jua likiwa limekalia utosi wangu kama deni.
Mchongoma wa kwanza. Wa pili.
Kwenye wa tatu nilijikuta nimeinamia usukani
kana kwamba ningeweza kulisaidia.
Likapita.

Tangini hapakuwa na kitu cha kukata.
Mei ilikuwa imeingia, nyasi zimelala njano chini,
na upepo unazifagia kuelekea mjini.
Nikazima injini. Nikavuta breki.
Na jiwe nikaweka.