Skrubu Moja

Jadvyga wa ghorofa ya pili aliileta kwa kigari cha viazi,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.
"Babu aliifukia ghalani, chini ya shayiri,
usiku ule kabla ya malori."
Hakusema malori gani.
Hapa Kaunas hatuulizi.

Nikafunua. Kutu tupu.
Gurudumu limeganda, sindano imevunjikia tunduni,
nakshi za dhahabu zimebanduka kama ukoko.
Ila pale mkono wa mama yake
ulipozoea kushika, miaka nenda miaka rudi,
chuma kilikuwa laini, cheusi, kinateleza.
Kutu ilifika hapo ikapita pembeni.

Miaka thelathini na minne nilikuwa fundi wa lifti.
Lifti zangu za mwisho zilipewa ubongo:
ikikwama, inaandika namba nyekundu ukutani,
nawe unapiga simu mji wa mbali,
kijana akutafsirie namba ile.
Sikuwa fundi tena. Nilikuwa tarishi
mwenye bisibisi mfukoni kama pambo.

Cherehani haina siri.
Ilaze ubavu, uione yote:
wenzo unamgutusha wenzo,
meno yanapanda, yanasogeza, yanashuka, yanarudi,
na panapouma ndipo inapolia.
Mtu akitaka kujua inaumwa nini
hahitaji simu, anahitaji sikio.

Siku kumi na moja.
Mafuta ya taa tone kwa tone,
asubuhi kabla ya chai, usiku baada ya habari.
Nilichokoa vumbi la nyuzi kwa mswaki uliostaafu,
nikaazima kikausha nywele cha Aldona bila kumwomba.
Aldona akanusa jikoni,
akahamishia mkate chumbani, hakusema kitu.
Nyundo ilikuwa pale, inanitazama.
Lakini chuma kilichosinzia hakiamshwi kwa kofi.

Siku ya kumi na mbili nawaza mengine kabisa,
bei ya kuni, goti langu,
gurudumu likasogea upana wa ukucha.
"Aldona!"
Akaja na unga viganjani. "Wapi?"
Likasogea tena.
Akavuta kiti, akaketi, unga ukimdondokea mapajani.

Ndani ya bobini palikuwa na uzi,
kijivu, bado umejikaza kama jana.
Nilimpa Jadvyga nikisubiri machozi;
leso nilishaiweka tayari.
Akauvuta kidogo, akaunusa.
"Suruali za ndani za baba," akasema.
"Hazikuisha. Kule Siberia alivaa za mtu mwingine."

Kisha akatoa foronya mkobani, akazungusha mkono.
Sauti yake: kuku adonoaye mtama juu ya bati.
Akageuza pindo, akavaa miwani.
"Chini umelegea."
Nikakaza robo mzunguko.
Akashona. Akageuza.
"Hapo palipochakaa," akasema, "usipapake rangi."
Mshono hakuusifu. Aliacha mtungi wa matango ya siki
akaondoka na kigari chake, akigonga kila ngazi.

Jioni, Aldona akifuta meza:
"Na hii?"
Skrubu moja, ndogo, imepigwa msasa, inang'aa.
Nilirudia michoro yangu yote, nikahesabu mara tatu.
Haina mahali. Au ina, nami sipajui.

Sasa iko ndani ya kopo la chai, pamoja na vifungo.
Cherehani inashona bila yake; naisikia kupitia sakafu
tunapokula.
Kila mlio ukikatika naacha kutafuna.
Aldona ananitazama, kijiko hewani.
Kisha kuku anaanza tena kudonoa,
nasi tunaendelea na supu.