Sikio la Pyza

Wiki ya tano sasa. Wiesława anapasha kichupa
kwapani, kama alivyoelekezwa,
maana tone baridi humtia paka kizunguzungu.
Nje, Gdynia imeganda; winchi za bandari
zimevaa theluji hadi shingoni.

Kwanza taulo. Pyza anafungwa kama kichanga,
kichwa tu nje, na macho ya kushtaki.
Matone manne. Kisha kukanda shina la sikio
hadi lilie chwa-chwa, chwa-chwa,
kama buti lililoingia maji.

Daktari amebadilisha dawa mara mbili.
Amefuta uchafu kwa pamba, akauchungulia kwa hadubini,
akasema: bado.
Na kweli bado, harufu ya chachu haijaondoka.

Miaka thelathini Wiesława alichomelea meli.
Sikio lake la kushoto lilikwenda na nyundo,
wala hakuna aliyempashia dawa kwapani.

Usiku, paka aliyemparura jioni
anapanda kitandani, anatikisa kichwa
(dawa inamrukia bibi shavuni)
kisha analaza sikio bovu
juu ya sikio bovu, ananguruma.
Wiesława hasikii kitu.
Mfupa wa taya ndio unaotetemeka.

Kesho saa moja, taulo tena.