Saa Moja na Dakika Thelathini na Tano

Mbukwenyi, akasema, akaitua ndoo ya zabibu
kati ya mashine ya fotokopi na miguu yangu.
Nitafutie Hamburg mpaka Milano.
Nikadhani anataka tiketi. Watu wa Majengo
hunijia kwa vyeti vya kuzaliwa, picha za pasi,
barua za kuomba kazi wizarani;
tiketi ya ndege sijawahi kumkatia mtu.

Nikaandika. Mtandao ukazunguka, ukafikiri,
upepo ukapitisha vumbi juu ya kioo,
kisha: kilometa mia tisa, kwa mstari ulionyooka.
Saa moja na dakika thelathini na tano.

Saa moja ya asubuhi, au ya jioni?

Si saa ya kufika, mama. Ni muda wa kukaa angani.

Akanyamaza. Nilimwona anapima:
kunde zake haziivi kwa muda huo.
Basi ni karibu, akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mwizi
akakuta ni wa nyumbani kwake.

Chilongani yuko Hamburg, anapanga makontena bandarini.
Ndahani yuko Milano, anamwogesha mzee mmoja
asiyekumbuka majina ya wanawe.
Mwaka wa tisa huu. Waligombania ekari moja na nusu
ya mizabibu, na leo hakuna kati yao anayeipogoa;
naipogoa mimi, kwa mkasi ule ule.

Yule hupiga Jumapili: Mama, huyo mwanao ana kazi?
Huyu hupiga Jumatano: Mama, huyo mwanao ameoa?
Jina halitajwi.
Ndahani alipovunjika mkono, Hamburg ilijua kwa kinywa changu,
nimesimama juu ya tuta la bwawa, panaposhika mtandao.
Hamburg ikatuma pesa. Usiseme zimetoka kwangu.
Nikasema zimetoka kwenye zabibu.
Mwaka ule zabibu zilioza zote kwa mvua.
Ndahani alijua. Akazipokea.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti:
Hamburg mpaka Hombolo, Hombolo mpaka Milano,
kilometa elfu kumi na tatu na zaidi.
Hiyo ndiyo njia waliyoichagua,
yenye kituo kimoja tu,
nacho kinaumwa magoti.

Andika, akaniambia. Waandikie wote wawili:
mwenzako yuko saa moja na nusu.
Nikaandika. Kidole changu juu ya kitufe.
Futa. Watadhani nimefundishwa na mtu.
Nikaanza kufuta.
Au acha.
Hapana. Futa.

Akataka karatasi tu. Nikaichapa, nyeusi na nyeupe,
akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga
pale inapokaa nauli. Akalipa mia mbili
na kichala cha zabibu nisichokiomba.

Akageuka mlangoni: na wewe wa kompyuta,
Hombolo ni saa ngapi kutoka hapa?

Kilometa arobaini na ushee, mama.
Saa, sijui.
Inategemea gari litajaa lini.