Maji ya Kwanza, Maji ya Pili

Mimi msimu sikuuona, niliufua.
Beseni mbili uani, Barabara ya Kumi na Tatu,
jezi ishirini na moja, soksi zisizo na wenza,
na sabuni ya mche ambayo hulipiwa na mimi kwanza,
na klabu baadaye, panapo majaliwa.

Matokeo yalinifikia ndani ya kiroba.
Vumbi jekundu: wametoka Dodoma.
Tope jeusi, limegandia hadi ukosini: Morogoro, mvua,
na kipa wetu Tabu Kihiyo ameanguka mno.
Jioni wakaniambia nne bila.
Maji ya kwanza yalikwisha kunieleza.

Redio ilitaja mabao. Mimi nilijua mengine:
aliyecheza na damu akanyamaza,
nikaianika bukta yake katikati ya khanga
jirani asije akahesabu siku za mtu;
aliyepasua kwapa akishangilia bao,
lile moja la Kigoma, halali kabisa, mwamuzi akalikataa.
Na Salome, namba tisa,
ambaye mwezi wa pili jezi yake ilianza kunukia
manukato ambayo Ngamiani hayauzwi.
Wa tatu akachukuliwa na timu kubwa ya Dar.
Jezi aliirudisha imepigwa pasi.
Hakuna aliyewahi kunirudishia jezi imepigwa pasi.
Ndipo nikajua haji tena.

Baada yake tukawa tunafungwa moja, moja, moja,
kama mtu anayelipa deni la duka.

Masika ikaleta mechi tatu ndani ya siku tisa.
Nilizitandaza jezi vitandani, nikazipepea kwa kawa,
wanangu wakalala sebuleni.
Wakaingia Mkwakwani wamevaa ubichi,
na watazamaji, arobaini hivi,
wakadhani wanatetemeka kwa woga.
Namba nne ikabanduka. Nikaishona kwa uzi wa katani,
Tanga hii tukose vyote, si katani.
Beki akalalamika inamkwaruza mgongo.
Nikamwambia vizuri, hutasinzia.

Sasa, jezi namba kumi na nne.
Ya Mboni Singano wa Lushoto, mchache wa maneno.
Kila wiki ilitoka imekunjwa, ikarudi imekunjwa,
mikunjo yangu ile ile.
Mechi ya kwanza, ya tano, ya ishirini na moja.
Ningeweza kuitia kabatini nikaokoa povu.
Nikailoweka na wenzake,
maji ya kwanza, maji ya pili,
nikaifikicha kwapa lisilo na kitu.
Sikutaka siku ya kugawa, ya kwake inuke sanduku
na za wenzake zinukie jua.

Mechi ya mwisho tulitaka sare tu, tusishuke daraja.
Sikwenda, palikuwa na hitima kwa shemeji.
Bodaboda akakibwaga kiroba magharibi,
nikakimwaga sakafuni nikaanza kusoma.
Zote nzito. Ya Tabu, nyasi kifuani:
dalili njema au mbaya, sikuelewa.
Kisha kumi na nne.
Mikunjo imefumuka.
Ubavu wa kushoto, doa la majani, refu kama kidole,
na jasho kidogo, la dakika sita.

Nikakaa chini. Sikumuuliza mtu matokeo.

Asubuhi akaja mwenyewe, akasimama mlangoni.
“Mpira niligusa mara mbili, mama. Wa kwanza ukatoka.”
“Na wa pili?”
“Wa pili niliulalia. Ulikuwa unakwenda golini.”
Akashika ubavu, kana kwamba doa lingali pale.
“Usiifue.”

Lakini jezi ni mali ya klabu,
na katibu huzihesabu kama mayai.
Nikaifua. Ya mwisho, peke yake, maji baridi, bila sabuni,
kwa mkono wa kumwogesha mtoto wa siku tatu.

Tumebaki. Wa kumi kati ya kumi na wawili.
Katibu aliiinua juani, akakunja uso:
“Mbona hapa pana kijani?”
Kitambaa hicho, nikamwambia. Kinachuja.